Nguo za Mchezo wa Noeli kwa Gharama Ndogo

Mwezi huu twapenda kusema na akina mama, na akina baba wajuao sindano, juu ya jambo linalozungumzwa majumbani kila ukaribiapo mwezi wa Desemba, nalo ni nguo za watoto watakaocheza mchezo wa Noeli.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Wakati huo korosho zimo katika kuuzwa. Nyumba moja imekwisha kupata fedha yake, na nyingine yangoja bado. Basi likitoka neno kwamba kila mtoto aje na kitambaa cha namna moja kilichonunuliwa dukani, wako watoto watakaokuja, na wako watakaojificha. Hawatasema sababu, watasema wanaumwa na tumbo. Desturi hii ya sare imetoka harusini, ambako hata mgeni huambiwa anunue kitenge sawasawa na wenzake. Watu wazima na wapatane wenyewe, lakini kwa watoto sisi hatuipendi. Mchezo huu ni habari ya Mtoto aliyelazwa horini kwa sababu nafasi ilikosekana nyumbani mwa wageni. Itakuwa ajabu mtoto wa jirani akikosa nafasi ndani yake kwa ajili ya kitambaa!

Tuanze na wafalme, maana hao ndio watiao watu hofu ya gharama. Injili ya Mathayo haiwaiti wafalme, wala haisemi kwamba walikuwa watatu. Yawataja Mamajusi kutoka mashariki, na zilizo tatu ni zawadi. Basi aliye na majoho mawili na awe na Mamajusi wawili, hajakosa neno. Tena joho lenyewe halihitaji mkasi. Doti moja ya kanga ina vipande viwili, na kila kimoja chapata kama mita moja na nusu kwa urefu, na mita moja na zaidi kidogo kwa upana. Hicho chamtosha mtoto wa miaka 10 toka mabegani mpaka visigino. Weka upande mrefu mabegani, ukunje pindo la juu kiasi cha vidole viwili, ulipige bandi kwa mishono mirefu, kisha upitishe utepe au kamba ndani yake na kuikaza shingoni. Pindo la chini la kanga laanguka miguuni kama nakshi iliyotiwa kwa makusudi. Kanga ni ya mama, na jioni ile ile itarudi kwake nzima, kwa kuwa bandi hufumuliwa kwa kuvuta uzi mmoja tu.

Ila soma kwanza maneno yaliyo juu yake. Watu watayasoma, hasa wale wa viti vya nyuma! Mjuzi atokaye mashariki akipita na mgongoni ana maneno ya kumsuta jirani, mchezo umekwisha hapo.

Malaika ni wepesi kuliko wote. Shati jeupe la baba likivaliwa nyuma mbele, vifungo vikawa mgongoni na ukosi ukakunjwa ndani, ni kanzu tayari kwa mtoto mdogo. Kwa mkubwa, twaa shuka kuukuu la kitanda. Pima toka begani hata kifundo cha mguu, uzidishe mara mbili, ukunje nguo katikati, na kwenye mkunjo ukate tundu la shingo. Kata dogo kwanza, ulijaribu kichwani, kisha uongeze. Tundu lililokatwa kubwa halipungui ila kwa kiraka. Halafu shona pande mbili kuanzia chini, ukiacha kama shibiri moja na nusu juu kwa kupitisha mikono. Hapana mikono ya kukata wala kuunga, na asiye na cherehani aweza kuimaliza kwa sindano katika jioni mbili.

Mabawa hutengenezwa kwa fito nyembamba zilizopindwa na kufunikwa kwa kipande cha chandarua. Twasema chandarua kilichochanika kabisa, kisichofaa tena kulalia. Mtu asikate kizima kwa ajili ya mabawa, kwa maana malaria hainyamazi siku za sikukuu.

Wachungaji na wavae gunia kuukuu lililofuliwa na kukaushwa juani, lenye tundu la kichwa na mawili ya mikono, na ndani yake fulana, kwani gunia huwasha. Ndevu ni nyuzi za katani zilizoshonwa juu ya kitambaa na kufungwa masikioni. Anayetaka kuchora ndevu, masizi ya chungu yatosha. Utomvu wa ganda la korosho usiguse kamwe uso wa mtoto, maana huunguza ngozi.

Wako watakaosema kwamba nguo za namna hii ni za kuchekesha. Na watazame mapiko. Hatusemi hapa habari za siri zake. Twasema kazi ya mikono tu. Kinyago huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani, naye mchezaji huona kwa njia ya kinywa chake. Mwili wote hufunikwa kwa nguo na kamba, hata vidole havionekani, na njuga hufungwa ili zilie. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliviandika vinyago vya Wamakonde katika kitabu chake. Nguo zile si za thamani, bali kwa kuwa mwili umefichwa vizuri na mwendo umejifunzwa, watu humsahau yule aliyemo ndani. Mamajusi wetu pia wajifunze kutembea. Mara nyingi tumeona joho zuri likikimbizwa ukumbini kama mtu aliyechelewa gari.

Mataji hukatwa katika boksi la dukani. Uji mwepesi wa muhogo ndio gundi yake ya kubandikia karatasi ya kung'aa, na uji huo huo, ukiongezwa maji, hukaza kanzu za malaika kabla ya kupigwa pasi. Uangalifu ni juu ya mvua, ambayo kwetu imekwisha anza kufikia Noeli. Taji likilowa hulegea na kumwangukia mtoto machoni. Vivyo hivyo angalia mabibo, kwa sababu watoto watakuwa wakiyala njiani, na doa la maji yake halitoki katika nguo nyeupe. Kanzu zichukuliwe kapuni, zivaliwe palepale mlangoni. Baada ya mchezo zifuliwe wanga utoke, la sivyo mende watazila kabla ya Pasaka.