Hifadhi ya Diski kwa Seva ya Kompyuta Pepe
Seva inayobeba kompyuta pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu na kugawana mashine moja halisi, huielemea hifadhi yake kwa namna ya pekee, kwa kuwa maombi ya kusoma na kuandika hutoka kwa kompyuta hizo zote kwa wakati mmoja na kuangukia sehemu zilizotawanyika. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humudu maombi kama hayo yapatayo 100 tu kwa sekunde, hata ikiwa na nafasi ya terabaiti 20, na ndiyo maana anayechagua kwa ukubwa peke yake hukosea.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza RAID, utaratibu wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Diski 8 za terabaiti 4 zikipangwa kwa RAID 6, inayokokotoa taarifa za ziada za kufufulia data, hutoa terabaiti 24 na kuvumilia kufa kwa diski 2 zozote, lakini kila andiko dogo hugharimu hatua 6 za kusoma na kuandika. RAID 10, inayoandika kila kitu katika diski mbili pacha, hutoa terabaiti 16, ila hatua ni 2 tu, na kwa hifadhidata zenye shughuli nyingi hasara hiyo ya nafasi inastahili kabisa kukubaliwa. Nakala rudufu iliyowekwa kwingine bado ni ya lazima, kwa sababu faili lililofutwa kwa kukosea hufutika papo hapo katika diski zote.