Maktaba Iliyookolewa na Moto

Sogeeni karibu, watoto, muione picha hii. Mfalme anapambana na simba. Picha hii ilichongwa kwenye jiwe zaidi ya miaka 2,600 iliyopita, ikapamba ukuta wa kasri huko Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, uliokuwa ng'ambo ya mto Tigris, mkabala na Mosul ya leo nchini Iraki. Simba mmemwona. Sasa tazameni mkanda wa mfalme. Umechomekwa kalamu! Nani aendaye kuwinda simba na kalamu kiunoni?

Huyo ni Ashurbanipal. Wafalme wengi wa zama zile waliwaachia waandishi kazi ya kusoma, lakini yeye alifundishwa mwenyewe, na akajigamba kwamba aliweza kusoma hata maandishi ya kabla ya gharika. Ana haki ya kujigamba. Sisi tuna herufi zisizofika 30. Wao walikuwa na alama mamia. Mwandishi alikanda udongo, akaufanya kibao cha kutosha kiganjani, kisha akabonyeza kwa tete lililochongwa. Kila alipobonyeza palibaki alama yenye umbo la kabari.

Mfalme huyu alitaka vibao vyote vya maana vikusanyike kwake. Barua zikaenda kusini, hadi mji wa Borsippa, zikiagiza watu wapekue nyumba na mahekalu. Vikaja vibao vya tiba, vya nyota, vya sala, vya kutabiri mambo kwa kutazama ini la kondoo. Vikaja na vya kufundishia Kisumeri, lugha ambayo wakati huo hakuna mtoto tena aliyeinyonya kwa mamaye.

Ila si vyote vilivyotolewa kwa hiari, na hilo nisipowaambia nitakuwa nimewadhulumu. Ndugu yake, Shamash-shum-ukin, aliyetawala Babeli, alimwasi mwaka 652 KK. Walipigana hadi 648 KK, Babeli ikashindwa. Mwaka uliofuata, makarani wa Ninawi waliandika orodha ya mali mpya ya maktaba: vibao vya udongo kama 2,000, na mbao zilizopakwa nta kama 300, kutoka kwa wasomi wa kusini. Mfalme alipenda elimu kwa dhati, na alikuwa na jeshi.

Vibao vingi vikaandikwa jina lake mwishoni. Vingine vikatiwa laana: atakayekichukua, miungu ilifute jina lake na uzao wake katika nchi.

Laana haikuzuia vita. Mwaka 612 KK Wababeli na Wamedi waliivamia Ninawi, wakaitia moto. Mbao za nta hazikubaki. Lakini udongo je? Muulizeni mfinyanzi yeyote. Chungu kibichi kikinyeshewa hurudi kuwa tope, kikichomwa, kinadumu. Vibao vingi vya Ashurbanipal vilikuwa vimekaushwa tu, na moto wa adui ukavichoma vikawa vigumu. Kuta zikaviangukia, mchanga ukavifunika, vikalala chini kwa zaidi ya miaka 2,400.

Katikati ya karne ya 19 wachimbaji walivifikia: kwanza Mwingereza Austen Henry Layard, kisha Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul. Leo vibao na vipande zaidi ya 30,000 vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko London.

Huko ndiko alikokuja George Smith, kijana aliyefundishwa kuchonga mabamba ya kuchapia noti. Hakuwa na shule kubwa. Alijifunza alama zile mwenyewe, akitumia muda wake wa mapumziko kwenda kuvitazama vibao, hadi wakubwa wa jumba la makumbusho wakamwajiri. Mwaka 1872 alikuwa akisoma kibao kilichovunjika akakuta jahazi limekwama juu ya mlima, na njiwa ametumwa akatafute nchi kavu. Ilikuwa habari ya gharika, iliyomo ndani ya hadithi ya Gilgamesh, mfalme aliyehangaika kutafuta uhai usio na mwisho.

Hadithi hiyo ina vibao 12, na baadhi ya mistari yake bado haijapatikana. Wasomi wangali wanalinganisha vipande, ukingo kwa ukingo, na mara kwa mara viwili hukubali kuungana na sentensi moja zaidi ikasomeka.