Jina Langu Mikononi mwa Mwizi

Ndugu wanafunzi, na ninyi wenzangu tuliokwisha kuondoka shuleni, nataka kuwaeleza juu ya wizi ambao mtu hapotezi mfuko wala baiskeli, bali jina lake.

Mwaka 2023 niliitwa na polisi. Askari akaniambia kwamba mjane mmoja ametapeliwa kwa simu fedha za karo ya mwanawe, na namba iliyopokea fedha hizo imeandikishwa kwa jina langu. Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Namba ile sikuijua kabisa. Baada ya kufikiri sana nikamkumbuka kijana aliyekuwa akiuza laini za simu chini ya mwavuli, katika njia ya Malukhu. Nilimpa kitambulisho changu cha taifa, nikaweka kidole katika mashine yake, naye akasema, "Haijasoma, mzee, weka tena." Nikaweka mara ya pili, hata ya tatu. Kumbe mashine ilikuwa imesoma mara zote! Laini moja nikapewa mimi, na mbili zikabaki naye. Katika Uganda laini haifunguliwi bila namba ya kitambulisho, kwa hiyo mwenye nia mbaya hutafuta jina la mwingine.

Kwa aibu nilitaka kumlipa mjane yule kimyakimya yaishe. Mjomba wangu akanikataza: ukilipa bila maandishi, umekiri. Akanikumbusha Katiba ya mwaka 1995. Kifungu cha 28 chasema kwamba mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike au mwenyewe akiri, na Kifungu cha 23 chataka mtu aliyekamatwa kwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Tena dhamana ya polisi haina malipo. (Akudaiye fedha za dhamana hiyo, mwombe stakabadhi, mara atakumbuka ana kazi nyingine.)

Basi nikarudi kituoni, safari hii kama mlalamikaji. Nikaeleza habari yangu yote, ikaandikwa, nami nikapewa namba ya daftari la kituo. Namba hiyo ndiyo silaha. Bila hiyo kila ofisi hukuona mwongo. Nikaenda nayo kwa kampuni ya simu, nikaomba kwa barua nionyeshwe laini zote zilizo chini ya kitambulisho changu. Zilikuwa 3. Nikataka zile 2 zifungwe, na nakala ya barua yangu igongwe mhuri. Karani alinitazama kana kwamba naomba fadhila, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 yatupa haki ya kuuliza ni habari gani zetu zimewekwa, na kutaka zilizo na makosa zisahihishwe. Ukipata hasara kwa sababu mwenye kuziweka amevunja sheria hiyo, waweza kudai fidia mahakamani. Malalamiko hupelekwa kwa ofisi ya serikali ya ulinzi wa taarifa za watu.

Ukidaiwa mkopo usioufahamu, fanya vivyo hivyo: usilipe hata shilingi moja ili kununua amani, bali andika kuukana, na udai uthibitisho. Kitambulisho kikipotea, piga ripoti polisi siku ile ile kisha uende NIRA kuomba kingine.

Kwa upande wa adhabu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 humshika mwenye kudanganya kwa mitambo. Nayo sheria ya jinai ya zamani humshika ajifanyaye mtu mwingine kwa nia ya kulaghai, awe mtu huyo yu hai au amekufa. Waliotunga maneno hayo hawakujua simu ya mkononi, lakini mwizi walimjua vizuri.

Polisi waliniachia, na laini zile zikafungwa. Mjane hajapata fedha zake. Nilipopita Malukhu mwezi uliopita yule kijana hakuwapo, lakini mwavuli ulikuwapo, na chini yake kijana mwingine ana mashine mkononi.