Nani Huendesha Shule Maalumu? Mzazi, Ujue Mlango wa Kubisha

Mzazi wa Maungu au Miasenyi mwenye mtoto kiziwi, asiyeona au mwenye ulemavu wa akili huanza na swali moja: nimwone nani? Mmoja huenda kwa chifu, mwingine kwa Mwakilishi Wadi, mwingine kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Akielekezwa huku na huku, muhula hupita mtoto akiwa bado nyumbani. Makala haya yanaeleza ni nani hasa anayesimamia shule maalumu, nani hutoa pesa, nani huajiri, na wewe mzazi wa Wadi ya Marungu una nafasi gani katika uongozi huo.

Kaunti na Serikali ya Kitaifa

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawanya kazi. Elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto ni jukumu la kaunti. Shule za msingi, za sekondari na taasisi za elimu maalumu zilibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo Serikali ya Kaunti haiajiri walimu wa shule maalumu za msingi wala haiteui bodi zake.

Hata hivyo, safari ya mtoto mara nyingi huanzia mikononi mwa kaunti. Muuguzi wa kliniki au mwalimu wa chekechea anaweza kuwa wa kwanza kugundua kwamba mtoto hageuki akiitwa, au hushika kitabu karibu mno na macho. Akimweleza mzazi mapema, mtoto hupata msaada mapema. Akinyamaza, mtoto huonekana mzembe au mtukutu, na miaka hupotea.

Tathmini huja kwanza

Kabla ya kutafuta shule, mtoto hupelekwa katika kituo cha tathmini ya elimu, kinachojulikana kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark, na viko chini ya Wizara ya Elimu. Maafisa wake huangalia jinsi mtoto anavyoona, anavyosikia, anavyotembea na anavyojifunza. Kisha hupendekeza mahali panapomfaa: darasa la kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu, mara nyingi ya bweni. Ndivyo mtoto asiyeona anavyoweza kuelekezwa Shule ya Wasioona ya Likoni, na kiziwi Shule ya Viziwi ya Kwale.

Tathmini hii si sawa na ile ya daktari. Ya daktari hufanywa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, na ndiyo hutumika kumsajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Zote mbili zina kazi yake, kwa hivyo tunza nakala za ripoti zote.

Mwalimu mkuu na bodi

Walimu wa shule za umma, pamoja na mwalimu mkuu, huajiriwa na kupangiwa kazi na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Wengi wanaofundisha katika shule maalumu wamepata mafunzo katika Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1986.

Mwalimu mkuu huendesha shule kila siku, lakini hatawali peke yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka kila shule ya umma iwe na Bodi ya Usimamizi, inayoteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Jina hilo la mwisho lisikuchanganye: bodi hiyo huhudumu katika kaunti, lakini imo katika mfumo wa elimu ya kitaifa. Ndani ya Bodi ya Usimamizi kuna wawakilishi sita wa wazazi, wawakilishi watatu wa mfadhili kama vile kanisa, mwakilishi wa walimu, na mmoja wa kuwakilisha watu wenye mahitaji maalumu. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Kazi za bodi ni nzito. Husimamia mali na majengo, huangalia usalama na haki za wanafunzi, na hutoa ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti kila muhula. Pia ndiyo huajiri na kulipa wafanyakazi wasio walimu.

Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee katika shule maalumu. Matroni ndiye anayemwogesha mtoto asiyeweza kujiogesha, anayemlisha, na anayetambua usiku kwamba mtoto asiyeweza kusema ana homa. Mshahara wake hautoki TSC. Bodi ikikosa fedha au ikikosa mpango, matroni huondoka na watoto thelathini hubaki na mlezi mmoja.

Bodi pia ndiyo huulizwa kuhusu bweni. Mwongozo wa Usalama Shuleni wa 2008 unasema milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Mahali ambapo wapo watoto wasiosikia king'ora au wanaotumia kiti cha magurudumu, agizo hilo linaweza kuokoa maisha. Ukienda kumtembelea mwanao, angalia milango.

Kitengo ndani ya shule ya kawaida

Si kila mtoto huenda bweni. Sera ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inahimiza wasome pamoja na wenzao karibu na nyumbani inapowezekana. Hapo ndipo kitengo maalumu kina faida kubwa, na hapo pia ndipo uongozi hujaribiwa. Kitengo hakina mwalimu mkuu wake wala bodi yake. Kiko chini ya uongozi wa shule nzima, na mwalimu anayekisimamia hupeleka maombi yake huko. Mwalimu mkuu akikithamini, hupata darasa lenye mwanga, choo kinachofikika na vifaa. Asipokithamini, husukumwa kwenye chumba kilichobaki.

Pesa nazo hufuata njia hiyo. Serikali ya Kitaifa hutuma mgao wa kila mwanafunzi, na huongeza fedha kwa mwenye mahitaji maalumu. Mzazi anaweza kuuliza katika mkutano: fedha za nyongeza za watoto wetu zilinunua nini mwaka huu? Swali hilo si utovu wa adabu.

Mlango upi kwa jambo lipi?

• Unashuku mtoto ana tatizo: mwalimu wa chekechea au zahanati, kisha kituo cha EARC.
• Mtoto amekataliwa shuleni kwa sababu ya ulemavu: sheria inakataza ubaguzi huo. Andikia Bodi ya Elimu ya Kaunti. Usiporidhika, lipo Jopo la Rufaa za Elimu.
• Mwalimu hafiki darasani au amemdhulumu mtoto: mwalimu mkuu, kisha ofisi ya TSC. Dhuluma ya kimwili au ya kingono ipelekwe polisi mara moja.
• Chakula, matroni, bweni au matumizi ya fedha: Bodi ya Usimamizi, kupitia wawakilishi wa wazazi.
• Darasa au bweni jipya: bodi huwasilisha ombi kwa Wizara ya Elimu au Hazina ya Ustawi wa Eneo Bunge, NG-CDF.
• Chekechea na vyuo vya ufundi: Idara ya Elimu ya Serikali ya Kaunti.

Nafasi yako

Viti sita vya wazazi katika bodi hujazwa kwa kura ya wazazi wenyewe. Mzazi anayeishi Marungu na mtoto wake akiwa bweni mbali huona nauli ya mkutano kuwa mzigo, na ni kweli ni mzigo. Lakini siku ya uchaguzi, wazazi wa mbali wasipofika, viti huchukuliwa na waliofika. Wazazi wa kijiji kimoja wanaweza kuchangiana nauli wakatuma mmoja mwenye sauti na mwenye kufuatilia. Maswali ya wote yanaweza kupelekwa na mmoja, na majibu yakarudi nyumbani.