Anayekabwa Alfajiri

Mama mmoja anayeuza mitumba pale Kiboriloni, Moshi, alinieleza hivi. Siku ya mnada hutakiwa awepo sokoni saa kumi alfajiri, belo zinapofunguliwa. Akichelewa, nguo nzuri zimeshachaguliwa, na kwake yanabaki mashati yaliyochanika kwapani. Basi usiku huo halali, anasinzia tu. Saa saba anaamka kutazama simu, anakunja mabegi, anakaa kitandani akipiga hesabu ya mtaji, kisha anajitupa chali apate usingizi wa kumalizia.

Ndipo akafumbua macho. Akaliona pazia, akaliona kabati, akamsikia mumewe anakoroma pembeni. Mkono ukakataa. Ulimi ukakataa. Mlangoni palisimama kitu cheusi kama kivuli cha mtu, kikamjia taratibu, kikamkalia kifuani. Alitaka kuliita jina la Yesu, sauti haikutoka. Mara mwili ukafunguka ghafla, jasho likimtiririka.

"Daktari," aliniambia, "mimi namjua aliyenitumia."

Aliyemshuku ni mama mkwe wake. Walikuwa hawajasalimiana miezi minne, na watoto walikwisha kukatazwa kukanyaga kwa bibi yao. Ninaandika kwa sababu ya miezi minne hiyo.

Kiswahili kina jina la jambo hili tangu zamani: kukabwa na jinamizi. Madaktari tunaliita kupooza usingizini. Majina mawili, tukio moja, na anayesimulia hasemi uongo. Aliona, alisikia, alibanwa. Kinachobaki ni kujua kilichombana.

Usingizi hauendi kwa mwendo mmoja usiku kucha. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na mtu akiamshwa hapo husema alikuwa akiota. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na kila kinaporudi hurefuka, hivi kwamba sehemu yake kubwa huangukia karibu na mapambazuko. Wakati huo shina la ubongo hushusha komeo: hukata amri zinazokwenda kwenye misuli, tusije tukaamka na kukimbia kila tunapoota tunakimbizwa. Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alionyesha hilo kwa paka. Paka aliyeharibiwa sehemu ndogo ya shina la ubongo aliinuka katikati ya usingizi, akanyatia na kurukia mawindo ambayo hayakuwapo.

Komeo hilo halifungi kila kitu. Macho yanabaki huru, na kiwambo kinachoendesha pumzi kinaendelea na kazi yake. Jinamizi ni pale akili inapoamka kabla komeo halijainuliwa. Unaona chumba chako halisi, kwa macho yako halisi, lakini ndoto haijaisha, inamwagikia humo humo chumbani. Na kwa kuwa sehemu ya ubongo inayonusa hatari huwa macho sana wakati wa ndoto, kinachomwagika mara nyingi ni adui: hatua za mtu, kivuli mlangoni, mkono shingoni. Uzito wa kifuani nao una sababu yake. Misuli ya katikati ya mbavu imelegea, pumzi inakwenda fupifupi yenyewe, na ukitaka kuivuta kwa nguvu haikutii. Ubongo unaifasiri hali hiyo kwa njia iliyo karibu: nimekaliwa. Hakuna anayekosa hewa. Tukio hukaa sekunde kadhaa, au dakika chache, kisha komeo huinuka lenyewe.

Kwa nini linachelewa kwa huyu na si kwa yule? Mwaka 1992 watafiti wa Kijapani walifanya jambo rahisi mno. Waliwaamsha watu katikati ya usiku, wakawaweka macho kwa muda, halafu wakawaacha walale tena. Baadhi yao waliingia moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto, na baadhi ya hao wakakabwa humo humo maabara, vipimo vikiwa vimefungwa kichwani. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama wa Kiboriloni na saa yake saba ya usiku. Aliyemtumia jinamizi ni ratiba yake.

Ratiba hiyo si yake peke yake hapa Moshi. Mlinzi wa lindo, muuguzi wa zamu, dereva wa malori ya ndizi, wote wanalala kwa vipande. Wagumu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani wana shida mara mbili, maana kambi za mwisho kabla ya kilele cha Uhuru ziko juu ya meta 4,600, na kimo hicho huifanya pumzi isimame na kurudi usingizini, mtu akazinduka mara nyingi asijue kwa nini. Mbege nayo ina mchango wake, na nasema hili nikiiheshimu mbege. Pombe hukandamiza usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku. Inapokwisha mwilini, ndoto zilizozuiwa hurudi kwa kishindo karibu na alfajiri. Ongeza kulala chali, ambako kumeonekana mara kwa mara kwa watu wanaokabwa, ongeza msiba, deni au woga uliokaa moyoni, na kwa baadhi ya koo urithi wa damu.

Nao wanaokabwa si wachache. Watafiti Brian Sharpless na Jacques Barber walikusanya tafiti 35 mwaka 2011, zenye watu zaidi ya 36,000. Asilimia 7.6 ya watu wa kawaida waliwahi kukabwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa asilimia 28.3.

Wengi wetu tunaikumbuka hofu ya mwaka 1995 ya Popobawa, pepo aliyedaiwa kuwavamia watu vitandani, ilipoanza Pemba, ikaenda Unguja, ikavuka hadi Dar es Salaam. Sisemi kila kisa cha siku zile kilikuwa kupooza usingizini. Lakini simulizi za kubanwa kitandani na sauti kukatika ni zile zile. Watu walihama vyumba, wakakesha nje makundi kwa makundi wakiota moto. Asiyelala leo kwa hofu ya kukabwa ndiye aliye karibu zaidi kukabwa kesho. Na Unguja, umati ulimuua mtu mwenye matatizo ya akili kwa kudhani ndiye Popobawa. Sikutaka mama mkwe wa yule mama wa Kiboriloni afikishwe hata mwanzoni mwa njia kama hiyo.

Jinamizi pekee halihitaji dawa. Lakini anayevamiwa na usingizi mchana asiweze kuuzuia, au magoti yanamlegea akicheka, na yule anayekoroma huku akikabwa pumzi, aje hospitali. Anayeamka ameuma ulimi au amejikojolea pia aje, hicho huenda ni kifafa.

Yule mama nilimshauri alale mapema usiku wa kuamkia mnada, alale ubavu, saa saba asiinuke, na mabegi ayakunje jioni. Jinamizi likimkamata, asipigane na mwili mzima; aelekeze nia kwenye kidole gumba cha mguu, akitikise, na aiache pumzi ijiendee. Aliniuliza swali moja tu, la binti yake aliye chuoni, ambaye hukabwa kila msimu wa mitihani na chumbani analala na mwenzake. Mwenzake afanye nini? Nikamwambia: akisikia anagugumia, amguse bega na kumwita jina lake. Mara nyingi hilo linatosha kumfungua.