Sahihi ya Mdhamini na Suala la Mgombea Binafsi

Kwetu Ilemba, katika Jimbo la Kwela, mgombea ubunge hudhaminiwa na wapiga kura wa jimbo wasiopungua 25. Hata hivyo, asiyependekezwa na chama hafiki kwenye karatasi ya kura, hata akidhaminiwa na kata nzima. Ndivyo itakavyo Ibara ya 67 ya Katiba.

Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani tangu 1993. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994 na tena 2006, lakini Bunge lilirekebisha Katiba, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaliachia Bunge suala hilo. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba sharti hilo linakiuka haki ya raia kushiriki katika utawala wa nchi yake. Sharti lingalipo.

Jirani zetu Wakenya wamemruhusu mgombea binafsi kwa Katiba ya 2010: awaniaye ubunge huhitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000. Asiye na chama hana matawi. Hutegemea ndugu na watu wa kujitolea wapitao nyumba kwa nyumba. Tunaona kazi hiyo ni ya heshima, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes 75, wahimiza ushiriki huru wa raia.

Kudhamini si kupiga kura. Aliyetia sahihi angali huru kumchagua mwingine. Lakini kumsainia jirani aliye shambani, ati angekubali, ni uongo. Na anayelipia sahihi yako leo, ataidai wapi fedha yake akishachaguliwa?