Kupanga Ujenzi (3): Kazi Ipi Inasubiri Ipi?

Wiki iliyopita tulitazama makisio ya vifaa. Leo tunaingia kwenye ratiba, ambayo wajenzi wetu wengi huiacha kichwani mwa fundi.

Chombo kinachojulikana zaidi ni chati yenye jina la Mmarekani Henry Gantt, aliyefariki mwaka 1919. Siku huandikwa juu, kazi pembeni, na kila kazi huchorewa mstari wenye urefu wa muda wake. Daftari la mraba linatosha. Lakini mistari hiyo peke yake haisemi kazi ipi inasubiri ipi.

Mwaka 1957 Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand walibuni hesabu ya kutafuta mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana. Urefu wa mnyororo huo ndio muda wa mradi. Siku hizi programu kama Primavera huifanya kwa maelfu ya kazi, ila nyumba ya kawaida unaihesabu kwa kalamu.

Tuseme jamvi limekwisha. Kuta siku 12, lenta siku 10, kupaua siku 8, plasta siku 9: jumla siku 39. Katika siku 10 za lenta, 7 ni za kumwagilia maji. Ziandike; hata ukiongeza mafundi kumi hazipungui, kwa kuwa saruji haipati nguvu kwa kukauka, huipata kwa kushikana na maji.

Wakati huohuo seremala anahitaji siku 20 kutengeneza na kufunga fremu, ambazo lazima ziwepo kabla ya plasta. Plasta inaanza baada ya siku 30, hivyo seremala ana akiba ya siku 10. Akichelewa wiki nzima, nyumba haichelewi. Kupaua kukichelewa siku moja tu, nyumba yote imechelewa siku moja. Nimeona mara nyingi mwenye nyumba akimkimbiza seremala kila asubuhi, huku mbao za kupaulia hazijalipiwa.

Kabla hujanunua tofali la kwanza, keti na fundi wako, mwandike kila kazi na siku zake, kisha umuulize kwa kila moja: hii inasubiri nini? Karatasi hiyo itunze. Wiki ijayo tutaitumia kupanga malipo.